Bustani Isiyoenea Katika Jumamosi Moja

Ndugu Mkurugenzi wa Bustani ya Mimea,

KUHUSU: BUSTANI YENU KUGOMA KUENEA KATIKA SIKU MOJA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na miti yako. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mpanga ratiba wa shule ya sekondari, na kengele niliipiga mwenyewe, ndiyo maana wanafunzi waliniita Kengele. Walimu hamsini, madarasa ishirini na mawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutakiwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Nalitaja hili si kwa majivuno, bali ujue kwamba anayekulalamikia si mtu wa kubahatisha.

Mke wangu aliniomba nimpeleke kwenye bustani yenu kwa siku moja. Katika ndoa yetu ameomba vitu vichache, na hiki nilikikubali papo hapo. Sasa ni miezi saba. Kila ninapoikamilisha safari, bustani yenu inaivuruga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukubwa. Kijitabu chenu kinajisifu kwamba mna aina elfu nne za mimea. Mnafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni. Ukitoa muda wa kula, wa msalani na wa kupumzisha goti langu, kila mmea unapata sekunde sita. Kwa sekunde sita mtu hata miwani hajavaa. Nauliza kwa heshima: mlipokuwa mkipanda, mlimfikiria nani?

2. Njia zenu zinapinda. Nimezipima kwenye ramani kwa uzi wa mke wangu, ambaye ni mshonaji, juu ya meza ya kulia. Kuna moja inalizunguka bwawa lote kisha inarudi ilikotoka, bila sababu yoyote. Shuleni njia ya kwenda maabara ilinyooka, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wachelewaji.

3. Maua hayana saa. Nilimpigia simu karani wenu wa langoni, binti mwenye adabu, nikamuuliza maua ya bwawani hufunguka saa ngapi hasa. Akasema jua likishapanda. Nikamwomba saa na dakika. Akacheka, akaniambia mzee wangu njoo tu. Njoo tu! Huo ni utaratibu gani? Nilipopiga mara ya nne alipokea mwenzake, akauliza kama mimi ndiye yule mzee. Nilikata simu.

4. Mmeleta mtafaruku nyumbani. Niliitisha kikao cha familia. Shemeji yangu akataka tuanze na mimea ya miiba, mkwe wangu akataka tuanze na kivuli, na mke wangu hakutaka chochote ila kwenda. Rasimu ya tisa ya ratiba aliifunikia jagi la maziwa. Nikamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, naye akanijibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo.

5. Tarehe. Hapa lawama si yenu yote. Mke wangu ana presha ya macho, na siku hizi sindano namtungia uzi mimi. Daktari amesema kinachopotea hakirudi, dawa ya matone inachelewesha tu. Nilimwomba anitajie mwezi ambao rangi zitamtoka, ili nihesabu kurudi nyuma nikapate Jumamosi inayofaa. Akasema hajui. Basi maua hayajui saa, daktari hajui mwezi, na anayetakiwa kupanga ni mimi. Jambo hili linanitisha, Ndugu Mkurugenzi. Nalisema wazi kwa sababu kwenye barua siuoni uso wako.

Kwa hiyo naomba mimea yote yenye maua ihamishiwe langoni, kwa mpangilio wa herufi. Usiniambie mti hauhamishwi. Niliwahi kumhamisha mwalimu wa hesabu mwenye mizizi mirefu kuliko mti wowote ulio nao. Njia zinyooshwe. Ateuliwe mtumishi wa kuyaamsha maua ya bwawani saa nne kamili. Mimea ya kijani isiyo na jambo la kuonyesha ipewe likizo siku hiyo, isimalize sekunde zetu. Na ikiwa yote haya yatawashinda, naomba bustani iletwe kwetu. Tuna nafasi ya kutosha nyuma ya jiko.

Nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie karani wa langoni, mwenzake asiye na adabu, wanaomwagilia, wanaofagia majani, na miti yote isiyo na hatia katika shauri hili. Mke wangu angekusalimu pia, ila yuko chumbani anatafuta viatu, sijui vya safari gani.

Wako katika utaratibu,
Kengele, mwalimu mstaafu

Nyongeza: Barua hii haikupitia posta. Mke wangu alinikuta natafuta bahasha, akasema yeye anakwenda, nikipenda nimfuate. Nayaandika haya kwenye benchi ndani ya bustani yenu. Tuliingia saa tano, na mpaka sasa tumefika mti wa tatu tu. Una maua mekundu. Anaokota yaliyoanguka, anayasogeza karibu na jicho la kulia moja moja kama anachagua vitambaa, ananiambia hili ni damu ya mzee, hili limepauka, hili lina rangi ya chungwa kidogo. Kumbe wekundu wa mti mmoja ni wa aina saba. Mimi kwenye ratiba niliandika mmoja. Tafadhali msihamishe kitu. Mlinzi amekuja mara mbili kutuambia muda umekwisha, nami nimemwitikia kwa adabu. Kengele yenu ya kufunga imelia, nimeisikia vizuri sana, na bado tumekaa.