Ramani Juu ya Upara wa Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanguka tena mtihani wa ubongo! Mara ya pili. Mkufunzi amesema nikianguka na Jumatatu ijayo, nifungashe virago, uuguzi basi. Kamusi, jirani yangu na mwanafunzi mwenzangu, kapata tisini na nne. Kanipa pole. Nani kamwomba?

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Mjomba ana upara safi kama sahani. Nitamchorea ubongo mzima kichwani, nisome humo. Kakubali, kasema kichwa chake hakijawahi kuingia chuoni. Ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Cherehani yake ndiyo inayonisomesha.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbaya. Asubuhi mjomba alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, mimi na kalamu nyuma yake. Ubongo mkubwa juu, ubongo mdogo chini ya kisogo, shina lake karibu na shingo. Nilipofika sehemu ya kusema, mkasi ukamponyoka mkono wa kulia. Nikamwambia atulie. Akanigeukia, akajibu maneno yasiyoeleweka, mdomo umekwenda upande. Nikacheka. Nilidhani ananitania! Nikamalizia kwanza sehemu ya kuona.

Kamusi akapita. Akamwambia mjomba ainue mikono yote miwili. Wa kushoto ukapanda, wa kulia ukabaki pajani. Akapiga kelele kwamba ni kiharusi, ubongo umeumia upande wa kushoto, litafutwe gari upesi. Nikabisha. Mkono wa kulia, ubongo wa kulia! Akasema njia za neva hupishana kwenye shina, na kwamba niache ubishi nishike miguu ya mjomba.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari kauliza nani kachora. Nikakohoa. Kasema sehemu ya kusema nimeiweka kisogoni, na kwamba kila dakika niliyopoteza ilikuwa ya mgonjwa. Mjomba ananitazama tu, hasemi. Naogopa asije akanyamaza hivi moja kwa moja. Nimelia chooni, bomba nimelifungulia lisikike lenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Mjomba kasema! Neno moja tu: futa. Kamusi kalia, muuguzi wa zamu kalia, mimi nimewashinda wote. Nikamwomba radhi. Akanibana kidole kwa mkono wa kushoto. Nikaenda kuleta pamba na spiriti. Niliporudi, usingizi umemchukua.

Mtihani ni kesho. Nimefuta sehemu ya kusema peke yake, nikaichora upya mahali pake.