Mbuzi Chini ya Kitanda cha Mzazi

Jumamosi, 5 Julai 1952

ILANI. Kuanzia leo magharibi, hakuna kipande cha kaa kitakachowaka katika nyumba hii ya Mwananyamala bila idhini yangu mimi, Mwishehe Sadallah, tarishi wa serikali, mume, na tangu jana, baba. Ilani imesomwa uani mbele ya kuku. Hakuna aliyepinga.

Sababu zenyewe ni hizi. Mke wangu Zuena amejifungua salama, mtoto wa kiume. Na mzazi, kila mtu anajua, arobaini yake hukaa kwenye joto: jiko chini ya kitanda usiku na mchana, maji ya moto ya kukandwa asubuhi na jioni. Na kipupwe cha mwaka huu kimeshuka na nia mbaya. Gunia la makaa juzi lilisimama lenyewe. Leo limeegemea ukuta.

Mwenye moto ni mama mkwe, Bi Mwanakombo, kutoka Kimbiji. Yeye alitaka Zuena azalie kwao, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Mie ndiye niliyeng'ang'ania. Nataka mwanangu apewe jina chini ya paa langu, siku ya akika, Alhamisi, aitwe Sadallah kama marehemu baba. Niliapa mbele ya wazee kuwa moto hautazimika. Bi Mwanakombo akakubali kwa sharti moja: siku atakayoamka akute jiko limezimika, anachukua mwanawe na mjukuu wake, na jina litatolewa Kimbiji.

Basi moto hautazimika. Sikusema utakuwa mkubwa kiasi gani.

Jumapili, 6 Julai

Mbinu ya kwanza: majivu. Makaa machache chini, majivu mengi juu. Jiko linaonekana hai na halili kitu. Nilijivunia sana. Nikalisukuma ndani kwa kupitia chini ya pazia, maana mama mkwe yumo chumbani na mie sina ruhusa ya kukanyaga.

Halafu nikamsikia akimwuliza Zuena, kwa sauti ya kufika barabarani, kama humu mna moto au mna kaburi la moto.

Nilisimama nje ya pazia nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nikamwamkia shikamoo mama, kwa mara ya pili asubuhi hiyo. Akaitikia marahaba, akaongeza kuwa marahaba haichemshi maji.

Ubaya ni kwamba jirani alisikia. Jirani ni Kornelio, mchonga vinyago, mtu wa Newala. Kati yetu kuna ua wa makuti tu. Mtu huyu hanunui makaa! Anachoma vipande vinavyobaki kwenye kazi yake, na nyumba yake ina joto kama tanuri la mkate. Akachungulia juu ya ua, akanipa hongera ya mtoto, kisha akauliza kwa upole kama ni kweli serikali imerudisha mgao wa vita, safari hii wa makaa. Nikamjibu kuwa mambo ya serikali ni siri.

Jioni mkewe, Yustina, akaleta karai la makaa mekundu. Hakupitia kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pazia. Bi Mwanakombo alimshukuru mpaka nikadhani hataacha. Aibu! Kupewa moto na jirani, kama watu waliohamia jana.

Jumatatu, 7 Julai

Nimefikiri. Kosa si moto kuwa mdogo. Kosa ni joto kutoroka. Kuta za udongo zina nyufa, dirisha halifungi, chini ya mlango paka anapita bila kuinama. Tunapasha moto Mwananyamala nzima.

Mbinu ya pili: kuziba. Nilichukua ofisini magazeti ya zamani. Ruhusa sikuomba, ni ya zamani. Nikaongeza makumbi ya nazi. Kutoka nje nikaziba kila ufa, dirisha, mpaka tundu la panya. Kazi safi. Nilipiga hatua nyuma kuitazama.

Joto lilibaki ndani kama nilivyotabiri. Moshi nao ulibaki.

Kwanza alikohoa mtoto. Halafu Bi Mwanakombo. Halafu mlango ukafunguliwa kwa teke, wakatoka wote: mama mkwe na macho mekundu, mtoto kifuani pake, na Zuena amejifunga kanga mbili, anatetemeka. Mzazi! Uani! Kwenye upepo! Kitu kimoja tu ambacho hakitakiwi arobaini nzima, na mie ndiye niliyekipanga, kwa gharama ya asubuhi yangu.

Sikuweza kumtazama Zuena. Nikashughulika kumfukuza kuku ambaye hakuwa amefanya kitu.

Bi Mwanakombo hakunitukana. Aliuambia ukuta kuwa kuna wanaume Mungu amewapa akili na kuna wengine amewapa magazeti. Upande wa pili wa ua patasi ya Kornelio ikasimama. Najua alikuwa anacheka. Patasi haisimami bure.

Jioni mfugaji wa Kimara ameniletea mbuzi wa akika. Beberu mnene, manyoya mazito, mzima wa viungo vyote. Nilipomshika ubavuni nilishtuka. Yule mnyama ana moto! Na anakula majani ya ua tu.

Sikulala nikifikiri.

Jumanne, 8 Julai

Ushindi!

Nilianza jana hiyo hiyo baada ya isha. Nikasogea kwenye pazia, nikasema kwa huzuni kuwa Mwananyamala siku hizi ina wezi wa mbuzi, wabaya kabisa, na akika ya mwanangu imefungwa uani kwa kamba mbovu. Wezi wenyewe sijawahi kuwasikia. Bi Mwanakombo akaguna. Mwisho akasema basi aingizwe, lakini afungwe mguuni pa kitanda, na akikojoa mwenye mbuzi ndiye atakayefua mikeka.

Beberu akaingia, akajikunja chini ya kitanda karibu na jiko, akalala kama mwenye nyumba. Mie nikapunguza makaa nusu.

Asubuhi nikauliza kupitia pazia walilalaje. Zuena akasema chumba kilikuwa na joto, ila kinanuka. Nikasema harufu ni ya muda. Bi Mwanakombo hakusema kitu. Kwa mama mkwe wangu, kutosema kitu ni sifa.

Mikeka nimefua. Kornelio akaniuliza kwa juu ya ua kama mtoto amekwisha anza kula majani. Anaona wivu.

Usiku wa leo nitapunguza tena. Makaa mawili yatatosha. Mbuzi atafanya kazi iliyobaki.

Jumatano, 9 Julai

Mbuzi hakufanya kazi iliyobaki.

Alfajiri Bi Mwanakombo aliamka kusali. Kwa kawaida huamka na wekundu wa jiko akaona pa kukanyaga. Leo hapakuwa na wekundu. Akashusha mguu gizani akitafuta mkeka, akampata beberu. Beberu akaruka. Mguu wake ukanasa kwenye kamba za kitanda, akajivuta, akakata kamba, akapita juu ya jiko, akatoka na pazia.

Jiko lilipinduka. Hakuna aliyeungua. Lilikuwa baridi kama chungu cha maji.

Bi Mwanakombo alilishika kwa kiganja. Akalishika tena, ili awe na hakika. Kisha akamwambia Zuena afunge nguo.

Pazia lilikuwa limekwenda na mbuzi, kwa hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwatazama wote na wao wananitazama. Nikageukia ukuta. Nilisikia Zuena akimbembeleza mama yake kwa sauti ya chini. Kesho ni akika. Wageni wamealikwa. Mwachie japo ampe mtoto jina, mama, asivuliwe nguo mbele za watu. Mwisho mama mkwe akasema sawa. Kesho ikipita kwa heshima, atabaki na atanunua makaa mwenyewe. Ikiharibika, wanaondoka mchana huo huo.

Nilitoka nikimshukuru Mungu. Nikamkuta beberu nyuma ya choo.

Anachechemea. Mguu wa nyuma haukanyagi kabisa.

Na kilema hafai kwa akika! Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Pesa ya mbuzi mwingine sina.

Nikamficha kwa Kornelio. Sikuwa na pengine. Alimtazama mguu, akanitazama mie, akasema ana mpingo wa kutosha, nikitaka atamchongea mwingine. Nikamwomba asimwambie mtu. Akaapa. Yustina alikuwa anacheka ndani mpaka sufuria zinalia.

Alhamisi, 10 Julai

Nitaandika haraka, nisije nikaacha.

Asubuhi nilimlaza beberu uani, ameelekezwa kibla tayari. Wageni wakaketi barazani. Wali ulikuwa jikoni unangoja nyama. Maalim Shomari akaja na kilemba chake, akasifu unene wa mnyama, akaomba asimame.

Nikasema amechoka, ametoka Kimara kwa miguu.

Maalim akasema alisikia ametoka Kimara Jumatatu.

Nikasema ni mbuzi mvivu. Akasema uvivu si kilema, lakini asimame. Basi nikapitisha mikono chini ya tumbo lake, nikamwinua, nikaanza kutembea naye, mie nimeinama ndani ya kanzu mpya, yeye analia. Tulikwenda mpaka kwenye mti wa mpapai na kurudi. Maalim Shomari, mtu wa adabu sana, akauliza ni yupi kati yetu anayechinjwa.

Baraza zima likacheka. Kornelio alikuwamo, amealikwa kwa heshima ya ujirani. Hakucheka. Hilo liliniumiza zaidi.

Nikamwachia. Beberu akaruka kwa miguu mitatu mbele ya wote, akasimama katikati ya uwanja. Maalim akatikisa kichwa, akasema huyu hafai, akaniuliza imekuwaje. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na wezi tayari kwenye ulimi.

Zuena akanitangulia, kutoka ndani, nyuma ya pazia lililoshonwa upya. Hajapata kuzungumza mbele ya wanaume maisha yake yote. Alisema kwa sauti ndogo kuwa mbuzi alikuwa chini ya kitanda chake. Mume wangu alimweka badala ya makaa, maalim.

Hakuna aliyecheka safari hii. Wageni walikula wali mtupu, wakatazama sahani. Kila aliyeaga alinipa mkono bila kunitazama usoni.

Lori la mbata lilikuwa linarudi upande wa Kimbiji kwa pantoni. Bi Mwanakombo akawapandisha mbele, kwa dereva, kwenye joto la injini. Kornelio ndiye aliyebeba mizigo. Mie nilibeba mtoto kutoka mlangoni mpaka barabarani. Ni mwepesi, na kichwa chake kina joto.

Kabla lori halijaondoka Zuena aliniuliza kama mie nilisikia baridi siku hizi zote. Nikasema hapana, sikusikia. Akasema yeye alisikia.

Jumapili, 13 Julai

Nyumba kimya. Baridi imezidi. Usiku nimewasha jiko mwenyewe, limejaa pomoni, nikalala nalo karibu. Ni kwa majaribio tu. Lazima mtu ajue joto kamili likoje ndipo ajue la kupunguza.

Nimekwisha pima mambo yote kwa utulivu, bila hasira. Majivu yalikuwa sahihi, ila mama mkwe ana mkono mwepesi. Kuziba kulikuwa sahihi, ila nilisahau tundu la moshi. Na mbuzi alikuwa sahihi kuliko vyote! Kosa langu lilikuwa moja: kumpa mnyama mmoja kazi mbili. Mtoto wa pili akizaliwa nitanunua mbuzi wawili, mmoja wa akika na mmoja wa joto. Nimemweleza Kornelio. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nimekula. Yustina akaleta ugali.

Mchana utingo wa lori la mbata alipita na kikapu kutoka Kimbiji. Nyama. Mjomba wa Zuena alitoa mbuzi, wakafanya akika jana. Nilifurahi. Nyama nzuri, ya mbuzi mzima wa miguu yote. Nikamwuliza utingo, kama mtu asiye na haraka, Sadallah wangu anaendeleaje.

Akauliza Sadallah yupi. Mtoto anaitwa Mfaume.