Gitaa Kwenye Benchi la Juu

Jumatatu, 9 Januari
Bendi ya Mlango wa Chuma imezaliwa rasmi. Mwanzilishi: mimi, Ilpo. Mwimbaji na mpiga gitaa la besi: mimi tena. Ngoma: binamu yangu Reijo, mtu wa maneno machache, na hayo machache hayanipendelei. Tunafanyia mazoezi kwenye handaki la kujikingia mabomu chini ya jengo letu hapa mjini Tampere, katikati ya skii za majirani, zile mbao za kutelezea theluji. Leo Reijo kamleta Sanelma, mpiga gitaa. Ana gitaa la marehemu babu yake. Pia ana wimbo wake mwenyewe. Sikuulizwa.

Jumanne, 10 Januari
Sanelma anataka kuuimba huo wimbo. Nikamwambia bendi haiwi na midomo miwili. Akajibu hilo analijua, ndiyo maana ananihurumia. Reijo akakata shauri: Jumamosi tunapiga kwenye ukumbi wa vijana, kila mmoja aimbe wimbo mmoja. Atakayewagusa watu ndiye atasimama mbele kuanzia hapo. Nimekubali kwa moyo mweupe. Natafuta njia.

Ijumaa, 13 Januari
Njia imepatikana. Baridi ya leo inagandisha pua. Nikamwambia Sanelma gitaa likitoka kwenye baridi namna hii hupashwa moto taratibu, aniachie mimi. Akasema, kumbe una utu. Nikalilaza ndani ya sauna ya jengo, chumba chetu cha kuogea mvuke, benchi la juu kabisa, kwenye joto la kuivisha samaki. Mbao hupinda kwa joto. Nani asiyejua?

Nikasahau kuwa Ijumaa ni zamu ya Mama Vuokko wa ghorofa ya pili. Zamu ya sauna haiguswi, hata kukiwa na msiba. Nilimkuta anatoka, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Hakulalamika. Alidhani gitaa nalo limeandikiwa zamu, basi akakaa kando yake na kuyamwagia mawe maji kama kawaida. Akasema ni mwenzi mzuri, halipayuki kama wengine humu. Akanitazama.

Jumamosi, 14 Januari
Nimeshinda. Niliimba, wakapiga makofi, wakaenda kunywa kahawa. Akafuata Sanelma. Shingo ya gitaa imepinda, nyuzi hazishiki, linalia kama paka aliyefungiwa nje kwenye theluji. Akasita. Kisha akashusha sauti, akalifuata lilikokwenda. Ukumbi kimya. Hakuna hata kofi moja. Wote wanatazama viatu vyao. Nikamnong'oneza Reijo: masikini, wamemchukia. Akaniambia nifunge domo, mbona hata bawabu analia.

Jumatatu, 16 Januari
Kumbe mtangazaji wa redio alikuwepo, na alirekodi. Wimbo wa Sanelma umepigwa asubuhi, umepigwa tena mchana. Wanatutaka studioni Jumamosi. Mtangazaji anauliza ni nani aliyeibuni sauti ile. Nikisema, nimekiri. Nisiposema, nimeibiwa.

Alhamisi, 19 Januari
Nimesema. Sanelma alikoroga chai yake hadi ikapoa. Akasema lile lilikuwa gitaa la babu. Akasema pia asante, maana hajawahi kusaidiwa kwa nia mbaya kiasi hicho. Kuanzia sasa nisimame nyuma ya ngoma. Reijo akaongeza kuwa nyuma ya ngoma kuna ukuta, nitauzoea.

Ijumaa, 20 Januari
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilipika chombo cha mtu mwingine.

Besi yangu iko benchi la juu tangu mchana, moto hadi mwisho. Kesho redioni italia kuliko gitaa, watanirudisha mbele wenyewe. Mama Vuokko alifika kwa zamu yake, akaiona, akasogea kuipisha. Naandika haya nikiwa mlangoni. Ndani kitu kimepasuka: ta. Halafu tena: ta. Mama Vuokko ananiita nikachukue shingo, imeanguka sakafuni. Anasema lile gitaa lilikuwa na adabu zaidi.

Nimemjibu aongeze maji. Bado haijaiva.