Miguu Yote Miwili Hewani

Jumapili, 13 Julai

Nimedhulumiwa! Jana kulikuwa na pikiniki ya kanisa letu la Wakenya hapa Brooklyn Center, na mashindano ya akina baba ya kutembea kwa kasi. Kutembea, si kukimbia, maana karibu sote ni watunza wagonjwa, na miaka ya kuwainua imetumaliza magoti. Sheria ni moja tu: mguu mmoja uguse ardhi wakati wote. Nikawa wa kwanza. Wa kwanza! Shemeji Eliakim, kaka yake mke wangu Philister, aliyekuwa nyuma yangu akihema, akapaza sauti kwamba nimekimbia, kwamba miguu yangu yote miwili ilikuwa hewani. Mchungaji akamsadiki. Zawadi, jogoo wa kienyeji kutoka shamba moja huko Wisconsin, akapewa Eliakim.

Leo amekuja kula kwetu, eti kunipa pole. Mke wangu akampakulia firigisi. Firigisi! Kwetu Kimilili firigisi ni ya mwenye nyumba. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, haijawahi kupotea njia. Nilimuuliza Philister kwa upole. Akasema mwaka huu firigisi ni ya mshindi. Nikala shingo.

Mchungaji amekubali kitu kimoja. Nikileta ushahidi kabla ya Jumapili ijayo, jogoo atakapochinjwa, atabadili uamuzi.

Jumatatu, 14 Julai

Kazini, nyumba ya wazee, Saint Paul. Nilimweleza mzee Walter dhuluma yangu huku nikimvalisha soksi. Ana miaka tisini na moja, hatembei tena, lakini zamani alikuwa mwalimu wa upigaji picha. Akachangamka kweli. Akasema ugomvi wangu ni wa kale. Karibu miaka mia moja na hamsini iliyopita watu walibishana kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne huacha ardhi. Macho hayawezi kuona, mwendo ni wa haraka mno. Basi tajiri mmoja wa California akamweka mpiga picha, kamera kumi na mbili zikapangwa kando ya njia, kila moja na uzi wake. Farasi akipita anakata uzi, kamera inapiga. Ubishi ukaisha!

Kengele ya chakula ikalia, sikungoja zaidi. Nilichohitaji nilikuwa nimekipata: kamera kumi na mbili, na farasi aliyesafishiwa jina.

Jumanne, 15 Julai

Philister ana sanduku la simu kuukuu za kupeleka nyumbani. Kila nyumba ya Mkenya hapa ina sanduku hilo. Kila simu imebandikwa plasta yenye jina la mpwa. Kuna mtu anasafiri Jumatatu, atazibeba. Ziko kumi na tatu. Nimeazima kumi na mbili bila kumsumbua mwenyewe.

Binti yangu Kendi yuko likizo kutoka chuo kikuu. Akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba simu moja inatosha, inarekodi video ya polepole. Nikamjibu kwamba simu moja ni shahidi mmoja, na Maandiko yanataka wawili au watatu. Mimi nina kumi na wawili. Watoto wa siku hizi hawana subira ya sayansi.

Mtambo wenyewe nimeubuni mimi. Kwenye kila simu kuna kibanio cha nguo kilichoachamishwa kwa kijiti. Kijiti kimefungwa uzi, uzi umekatiza njia. Ukipita, uzi unachomoa kijiti, kibanio kinauma kitufe cha sauti, simu inapiga picha. Vibanio vyote vya Philister vimekwisha. Nguo alizoanika ziko kwenye nyasi, lakini nyasi ni safi.

Jumatano, 16 Julai

Nilipanga mtambo kwenye uchochoro nyuma ya nyumba. Kabla sijavuta pumzi, mbwa wa jirani akapita akimfukuza sungura. Nyuzi zote kumi na mbili! Nilimlaani mpaka nilipoziona picha. Nzuri ajabu. Katika ya tatu, miguu yake yote minne iko hewani, masikio yamesimama, anaonekana mwenye furaha kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Nikamhurumia. Angekuwa muumini wa kanisa letu angeshanyang'anywa jogoo. Lakini yeye ana miguu minne. Mimi nina miwili, kwa hiyo hatari ni nusu.

Alhamisi, 17 Julai

Nilimwonyesha Walter picha za mbwa. Alicheka mpaka nikamletea maji. Kisha akamalizia hadithi ya Jumatatu. Kumbe farasi alikutwa hewani! Miguu yote minne, imekunjwa chini ya tumbo.

Kwenye treni nilitazama miguu ya kila aliyeingia. Halafu nikatulia. Farasi yule hakulelewa Kimilili na mama yangu, aliyetufundisha kutembea kwa adabu.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya haki. Uwanja wa magari wa kanisa. Mchungaji, Eliakim, Kendi, nyuzi kumi na mbili. Nikatembea vilevile kama siku ile, kichwa juu.

Simu tatu zilikataa, eti zimejaa. Tisa zilipiga. Tukazipitia moja moja. Ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tano, niko hewani. Kivuli cha viatu kiko peke yake kwenye lami, na mimi niko juu yake kama nimeitwa mbinguni. Eliakim alicheza. Mwanaume wa miaka hamsini na minne, anacheza!

Nikadai naye atembee. Tukafunga nyuzi upya. Hewani mara nne! Akasema simu zina chuki. Mchungaji akatembea kuamua jambo. Naye hewani, Biblia mkononi. Hapo hakuna aliyecheza tena.

Tulikuwa tumefunga nyuzi kwa mara ya nne ndipo Philister akatoka jikoni mwa kanisa na sufuria ya chai. Alikuwa anachelewa zamu, akapita katikati ya nyuzi zote kwa kasi kubwa, akiuliza kwa sauti nani alimchukulia vibanio. Simu zikapiga tu. Picha tisa. Katika kila moja, mguu mmoja uko chini, na chai haijamwagika hata tone.

Mchungaji alizitazama mara mbili. Akatangaza kwamba jogoo ni wa Mama Kendi, na kwamba ndiye atakayetuongoza kwenye mashindano ya kutembea ya Septemba dhidi ya kanisa la Saint Paul. Nilipiga makofi. Sikutaka, lakini mikono ilinishinda. Nilijivunia mke wangu.

Jumapili, 20 Julai

Jogoo ameliwa. Eliakim alikuja na kula paja kwa unyonge. Philister alichota firigisi, akaizungusha juu ya sahani zetu, ya kaka yake, kisha yangu. Nikasogeza sahani. Akaitia mdomoni mwake, akaitafuna taratibu akinitazama. Akasema sasa anaelewa kwa nini wanaume waliificha miaka yote hiyo.

Jumatatu, 21 Julai

Simu zimesafiri asubuhi, na picha zote ndani. Wapwa watamwona mjomba wao akipaa.

Kendi alinichapishia picha ya tano, nikampelekea Walter. Aliishika muda mrefu. Akasema ana miaka mitano hajainua hata mguu mmoja, na angependa kuamka kila siku akimwona mtu wa umri wangu ameinua yote miwili. Nimeibandika mbele ya kitanda chake. Macho yalinilowa, nikasingizia sabuni.

Na ndipo nikaona wazi kilichonipata. Nimekuwa kwenye mchezo usio wangu! Mtu anayepaa hivyo bila kujua, akikusudia itakuwaje? Nimemwomba Mchungaji aongeze kuruka mbali kwenye pikiniki ya Agosti. Eliakim ameshaingia, mpumbavu. Kendi amerudia kwamba simu moja inatosha. Nimewaandikia waumini wote kwamba natafuta simu kuukuu ishirini na nne, na jioni nimenunua vibanio vipya. Safari hii firigisi itarudi nyumbani.