Jani Lisilo na Tundu

Jumatatu, 9 Machi

Shangazi amekohoa tena usiku kucha. Ukuta wangu na wake ni mmoja, kwa hiyo tumekesha wote.

Makubwa leo! Fundi saa aliyepanga chumba cha mbele amehama. Shangazi ametangaza kwamba Jumapili, baada ya chakula cha mchana, atasema chumba hicho anampa nani. Wagombea ni wawili: mimi, na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye mtaa mzima unamwita Pasi kwa sababu ni dobi. Mimi wananiita Mipango. Wanadhani wananikejeli.

Chumba chenyewe sasa! Dirisha kubwa linatazama barabara. Jua la asubuhi linaingia mpaka uvunguni. Pasi anakitaka ili apange mashuka ya watu. Upuuzi mtupu! Mimi nitafungua duka la dawa za asili. Sijui dawa yoyote bado, ila hilo ni jambo dogo.

Tena Mungu si Athumani. Kwenye foleni ya maji nimewasikia kinamama wawili wakilisifia jani moja, wanaliita sikio la sungura. Lina manyoya laini, linaota kwenye uwanda wa majani nje ya mji, linachemshwa, kikohozi kwisha. Nikatega sikio mpaka ndoo ikafurika na nikatukanwa.

Mpango: nimponye Shangazi kabla ya Jumapili. Mgonjwa aliyepona atamnyima mganga wake chumba? Thubutu!

Jumanne, 10 Machi

Nimechuma! Kinamama walisema jani hili huchumwa alfajiri, umande ukianza kukauka. Alfajiri mimi nilikuwa usingizini. Nimekwenda saa sita, jua la utosi. Jani ni jani.

Bahati yangu leo ya ajabu. Uwanda ule kwa kawaida umejaa mbuzi na wachungaji wao wenye maswali mengi. Leo hakuna mbuzi hata wa dawa. Hakuna kipepeo, hakuna nzi. Kimya. Nimechuma kwa raha zangu. Na majani yenyewe! Nimeyageuza moja moja, hakuna hata moja lenye tundu la mdudu. Mengine yana rangi ya dhahabu pembeni, nadhani ndiyo yaliyokomaa. Nimejaza gunia.

Kisha nikaona ubao mzuri umelala kifudifudi nyasini, una miguu miwili ya mbao, upande wa chini umejaa tope. Mtu kaacha mali! Nikaing'oa ile miguu kwa mateke, nikaubeba ubao kichwani. Kila mfanyabiashara anahitaji ubao.

Shangazi aliniona nikiingia na gunia. Akaniuliza ni la nini. Nikamwambia asubiri aone. Akakohoa.

Jumatano, 11 Machi

Majani haya, eti, yanakaushwa kivulini kwa siku kadhaa. Siku hizo nitazitoa wapi? Nimengoja Pasi aende kupeleka nguo za watu. Nikatia mkaa kwenye pasi yake, nikaulaza ubao sakafuni, upande wenye tope chini, nikayapiga majani pasi. Yakakauka, yakanyooka kuliko kola. Nani mwingine angewaza hivyo?

Nikachemsha. Manyoya yakaelea juu. Nikakumbuka kinamama walisema lazima ichujwe kwa kitambaa kizito, la sivyo manyoya yanakwaruza koo. Kitambaa kizito kilichokuwa karibu kilikuwa shati jeupe la mwalimu mkuu, juu kabisa ya rundo la Pasi. Limechuja vizuri sana.

Pasi alirudi akaona doa la kijani kifuani mwa mwalimu mkuu. Sitaandika alichosema, maana huenda siku moja shajara hii ikasomwa na watu wa heshima. Nilimjibu kwamba tiba ina gharama zake. Akanirushia sabuni.

Nimempelekea Shangazi kikombe cha kwanza. Akakinusa. Akaniomba nimwoneshe jani moja kavu, akaliinua juu ya taa, kisha akanitazama kwa muda mrefu sana. Macho yale nayajua, ni ya shukrani. Akasema nikiache pale mezani, baba, bado ni cha moto, atakunywa taratibu.

Baadaye kikombe kikarudi kitupu. Ushindi!

Ijumaa, 13 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Jana sikuandika kwa sababu ya kazi. Shangazi aliniomba nimjazie chupa nzima ya chai, awe nayo karibu kitandani. Nikamjazia. Leo asubuhi nikamjazia tena. Vyombo vyote vimerudi vitupu. Kikohozi kilikuwa kimepungua, au labda nilikuwa nimelala fofofo. Pasi ananuna. Mambo yalikuwa yananinyookea.

Mchana nikaamua kuandaa kibao cha duka langu. Nikauchukua ule ubao, nikausugua tope nipate mahali pa kuandika DAWA ZA ASILI. Tope likatoka. Chini yake kulikuwa na maandishi tayari. Mekundu.

HATARI! MAJANI HAYA YAMEPULIZIWA SUMU. USICHUME. USILISHE MIFUGO.

Nimekaa chini. Nimesoma tena. Nimegeuza ubao juu chini nikasoma hivyo, labda maana ingebadilika. Haikubadilika.

Chupa mbili nzima na kikombe! Huyu ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Mimi na Pasi, wote wawili, mgongo mmoja. Nimekwenda mlangoni kwake nikasikiliza. Kimya. Nikasukuma mlango. Alikuwa anafuma. Akaniuliza mbona nimekuwa mweupe namna ile. Nikamwuliza anaonaje mwili. Akasema anaona uchovu kidogo. Uchovu! Nikamwuliza ulimi una ladha gani. Akasema ladha ya ulimi.

Nikimwambia, Jumapili chumba ni cha Pasi. Nisipomwambia... Sitaki kumaliza sentensi hiyo. Nimekalia kuti kavu. Lazima kuna njia ya tatu.

Jumamosi, 14 Machi

Njia ya tatu, jaribio la kwanza: nimeiba chupa wakati Shangazi yuko bafuni, nikamwaga, nikaijaza chai ya rangi. Nilipotoka nikamkuta Pasi mlangoni, amekunja mikono. Akataka kujua kwa nini naiba dawa yangu mwenyewe. Nikasema naipima nguvu. Akasema anaona kabisa kuna jambo, na akilijua atalisema mbele ya Shangazi Jumapili.

Jaribio la pili: kuchoma majani yaliyobaki. Moshi ukaenda moja kwa moja kwenye mashuka aliyoanika. Sabuni tena, safari hii mche mzima. Nina nundu.

Jaribio la tatu ni zahanati. Nimemwambia nesi kwamba rafiki yangu, mtu wa mbali sana, amemnywesha shangazi yake majani yaliyopuliziwa sumu, bila kujua. Nesi akaniambia huyo mgonjwa aletwe sasa hivi, na hayo majani yaletwe pia. Nikasema yuko mbali. Akaniuliza ni mbali kiasi gani. Nikasema ni mtaa wa pili. Akavua miwani. Akauliza kikohozi kilianza lini, mgonjwa analala wapi, chumba kina dirisha, ukuta una unyevu? Nikamjibu chumba ni cha nyuma, giza, ukuta unalia maji. Moyoni nikasema huyu dada ana maswali ya dalali. Mtu anakufa kwa sumu, yeye anauliza habari za ukuta!

Nimerudi mbio. Nimemsihi Shangazi twende zahanati, nikamwambia ni matembezi tu. Akagoma. Amechoka, miguu inauma, na kesho ana maneno ya kusema, anataka kupumzika. Nimepiga magoti. Akanigusa paji la uso, akauliza kama mimi ndiye mgonjwa.

Niko kwenye kiti nje ya mlango wake. Nahesabu pumzi zake. Kila akikohoa nashukuru, maana maiti hakohoi. Eh Mungu wangu, chumba kichukue, nipe Shangazi.

Baadaye kidogo: nadhani Mungu hataki chumba. Labda tuzungumze kesho.

Jumapili, 15 Machi

Yamekwisha. Naandika nikiwa nimevimba macho.

Baada ya chakula Shangazi alituita sebuleni. Alikuwepo pia rafiki yake, mama wa genge, anayeuza mboga pale kona, naye ana kikohozi chake. Shangazi akaweka chupa ya chai mezani. Sikujua nani aliijaza tena. Akasema kabla ya neno lolote tunywe wote, maana nyumba hii imepata mganga. Akamimina vikombe vinne. Mvuke ukapanda.

Mama wa genge akakishika cha kwake, akanisifu, akasema hata yeye kifua kinambana. Pasi akashika cha kwake akiwa amenuna. Shangazi akainua cha kwake. Akaniambia nianze mimi, mpishi huonja kwanza.

Nikatazama kikombe. Nikatazama dirisha la chumba cha mbele kwa uchungu wa mwisho. Kikombe cha mama wa genge kilikuwa tayari mdomoni.

Nikapiga kelele. Msinywe! Nikaifagia meza kwa mkono, vikombe vyote chini, nikakipokonya cha mama wa genge kikammwagikia magotini. Nikasema kila kitu. Uwanda, ubao, maandishi mekundu, pasi, nesi. Nikasema Shangazi amekunywa sumu tangu Jumatano, na ni mimi niliyempa, na nilijua tangu juzi nikanyamaza kwa sababu ya chumba. Nilikuwa nalia kama mtoto. Pasi alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake ambebe Shangazi mgongoni ampeleke zahanati.

Shangazi akasema tukae.

Akasema ile ilikuwa tangawizi, ameichemsha mwenyewe. Akasema dawa yangu hajainywa hata tone, yote iko chooni. Ameona majani mengi maishani mwake, lakini hajawahi kuona jani la porini lisilo na tundu hata moja. Akauliza: mdudu amelikataa, mbuzi amelikataa, yeye ni nani alile?

Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia. Akasema tangu anilee sijawahi kumchemshia hata maji. Akaona anione kwanza siku mbili tatu nikihangaika kwa ajili yake.

Hapo ndipo nililia vizuri. Hata Pasi alijifuta kwa kanzu ya mteja.

Mama wa genge, akiwa bado anakamua gauni lake, akauliza nesi alisema nini. Nikasema hakusema la maana, aliuliza tu Shangazi analala wapi, kama kuna dirisha, kama ukuta una unyevu. Nikasikia maneno yakinitoka mdomoni. Sote tukageuka kuutazama mlango wa chumba cha nyuma. Vyumba vikavu viwili tunalala sisi, tangu tukiwa wadogo. Na nyuma ya ukuta wake ndipo Pasi anapomwaga maji ya kufulia, kila siku ya Mungu.

Shangazi akakohoa. Kisha akasema tusimkatishe, uamuzi wake ni kwamba chumba cha mbele tutagawana nusu kwa nusu, kwa pazia.

Nikasikia mdomo wangu unasema chumba kile ni chake yeye. Pasi akasema hivyo hivyo, wakati ule ule. Tukatazamana kwa hasira, hatujawahi kukubaliana. Shangazi akabisha, akasema yeye mzee jua atalifanyia nini. Hatukumsikiliza. Tumekibeba kitanda chake sisi wawili, tumekigonga kila mlango, tumekiweka chini ya dirisha.

Ameketi pale sasa na ufumaji wake. Amefumba macho, jua liko usoni.

Jumatatu, 16 Machi

Nesi amekuja mwenyewe, kumbe aliniandama kwa macho juzi. Amempima kifua Shangazi. Amesema alale hapo hapo palipo na jua, na amempa dawa. Kisha amenisema mimi, mbele za watu, mpaka akaishiwa pumzi. Pasi alifurahi sana.

Pasi alinisindikiza kurudisha ubao uwandani, ili nisipate mpango mwingine njiani. Nimeusimamisha, nimeupigilia miguu mipya. Mchungaji mmoja akatuambia alikuwa anautafuta, alikuwa karibu kurudisha mbuzi wake pale akidhani sumu imekwisha. Usiku sikula.

Naapa: dawa za asili basi. Nimejifunza. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 25 Machi

Shangazi hakohoi. Asubuhi anaongea na wapita njia dirishani, ana habari za mtaa mzima. Namsikia akicheka nikiwa bado kitandani. Furaha niliyo nayo siwezi kuieleza.

Pasi amehamisha beseni lake upande wa pili. Shati la mwalimu mkuu doa limegoma, nimefua nguo za ua mzima kama adhabu.

Nimepata akili moja. Chumba changu kikavu nimekiweka wazi kiwe duka, mimi nimehamia kile cha nyuma. Kifua kinanikereketa tangu juzi, nadhani ni vumbi.

Lakini sikiliza! Leo nimesogeza kabati, na ukutani, pale penye unyevu, kumeota uyoga. Mweupe, mnene, wa bure, ndani ya nyumba! Hakuna uwanda, hakuna mtu wa kupulizia sumu. Kosa langu lile lilikuwa kwenda kutafuta dawa mbali.

Pasi amekuwa akilalamika mgongo tangu tubebe kile kitanda. Maskini mdogo wangu. Maji yameshachemka.