Magodoro Yako Wapi?

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kanipigia. Anasema wateja wanapotea kwenye tovuti yetu. Tunauza magodoro, lakini anayetaka godoro lazima apitie "Huduma", kisha "Nyumbani Kwako", kisha "Mapumziko". Nirekebishe menyu haraka. Nikasema sawa bosi. Sawa wapi! Mteja akipotea hupiga simu ya msaada, na simu hiyo iko mezani kwangu, hapa nyumbani ninapofanyia kazi. Tangu mke wangu aende zake, hakuna simu nyingine inayonitafuta.

Jumanne, 4 Machi
Amepiga tena! Matroni wa bweni la wasichana. Ati kaka, magodoro mmeyaficha wapi leo? Nikamwelekeza polepole. Makusudi nikampitisha kwenye mapazia, njia ndefu. Tukaongea kuhusu mvua, kuhusu goti lake, kuhusu wasichana wanaogeuza vitanda kuwa uwanja wa michezo. Anacheka vizuri yule mama. Alipokata, nyumba ikanyamaza hadi nikasikia friji ikinguruma. Nikala mkate nimesimama.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimeyahamishia magodoro ndani ya "Historia Yetu". Sasa hakuna atakayeyafikia bila mimi!

Alhamisi, 6 Machi
Simu hazikatiki. Matroni tu ndiye hajapiga. Mzee mmoja amenitukana, akaitukana kampuni, kisha akanirudia mimi. Dada mmoja alikuwa anatafuta mashuka, akaangukia ukurasa wa nafasi za kazi. Ameomba kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Nimeitwa ofisini. Mhasibu, yule kimbelembele, kamleta shangazi yake. Kamkalisha mbele ya kompyuta, sote tunatazama, kamwambia shangazi hebu tununulie godoro. Shangazi akabofya, akabofya, akaishia kwenye picha ya bosi. Akauliza huyu kijana mbona kakonda hivi, hana wa kumpikia? Bosi hakucheka. Hapo mhasibu akatoa menyu yake: Magodoro, Mito, Mashuka, Malipo. Basi! Shangazi akapata godoro kabla sijameza mate. Bosi akaagiza menyu hiyo iwekwe leo leo. Nimeiweka mimi, kwa mikono yangu mwenyewe. Adui yako mwombee njaa, lakini huyu alikuwa ameshiba.

Jumanne, 11 Machi
Simu kimya. Nimeinyanyua nione kama ni nzima. Ni nzima. Nikaipigia kwa simu yangu ya mkononi, ikalia, nikapokea. Sikuwa na la kujiambia. Inauma, kusema kweli. Sikujua kwamba siku nzima inaweza kupita mtu asisikie hata sauti yake mwenyewe. Mhasibu katuma ujumbe kwamba mauzo yamepanda. Hongera zake.

Jumatano, 12 Machi
Matroni amepiga! Nilijikwaa kwenye waya nikikimbilia simu. Nikamuuliza amepotelea ukurasa gani. Akasema hajapotea, menyu mpya ni nyepesi, magodoro keshayaagiza mwenyewe. Amepiga kunisalimia tu. Tena akasema hata ile njia ya zamani alikuwa ameshaijua kitambo. Alikuwa anapiga kwa sababu anapenda mazungumzo yetu. Akanipa namba yake. Akaniambia kaka, nipigie siku yoyote, usisubiri mpaka mtu apotee.

Nimefurahi mno! Nimeosha vyombo vyote, nimefagia mpaka chini ya kitanda. Kisha nikakaa na namba yake mbele yangu. Mara ya kwanza nikaishika simu, nikairudisha. Mara ya pili vilevile. Nitaanzaje? Mtu mzima hampigii mtu mzima bila shida yoyote.

Nimefikiri sana, na nimepata jawabu. Mabweni yanahitaji mito. Nimeingia kwenye tovuti, nimeificha mito yote ndani ya "Masharti na Vigezo". Sasa nimekaa karibu na simu. Atapiga tu.