Kwangu Inafanya Kazi

Jumatatu, 3 Machi
Ripoti yangu ya hitilafu imerudishwa tena! Sisi wa huduma kwa wateja tunakaa chini, tunapokea simu na matusi. Watengeneza programu wanakaa ghorofani, wanapokea ripoti zetu na kuzirudisha. Mrudishaji mkuu ni shemeji yangu, mume wa dada. Jibu lake: "Kwangu inafanya kazi." Nani kamuuliza ya kwake? Na Bibi, yule mteja wetu mjane, kapiga tena. Jumbe za sauti za marehemu mumewe hazifunguki katika programu yetu. Hata hagombi. Anasema, mwanangu, najua una kazi nyingi. Afadhali angenitukana. Nimepata dawa: kuanzia leo kila ripoti naipiga alama ya DHARURA. Hata ile ya kitufe kilichokaa upande. Akili ninazo!

Jumanne, 4 Machi
Akili sina. Shemeji kashuka mwenyewe, kasema kama zote ni dharura basi hakuna dharura. Kazitupa zote mwisho wa foleni, ya Bibi ikiwemo. Jioni dada kapiga simu: kwa nini namsumbua mume wake mpaka hali? Anakula! Nimemwona kwa macho yangu.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya. Ripoti ya Bibi nimeituma kwa jina la mkurugenzi. Ghorofani pakawaka moto, wakakimbilia ofisini kwake kumpa pole na kuikagua simu yake. Mkurugenzi akashangaa. Mume wake, huyo marehemu, alikuwa amekaa palepale mzima wa afya, anasubiri waondoke. Nimeitwa. Nimejitetea kwamba ni hitilafu ya programu. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Bibi kapiga. Mbinu zimeniisha, ikabidi nimsikilize. Nikamuuliza mumewe anasema nini humo.
"Ananikumbusha sabuni, mwanangu. Basi. Lakini ananiita jina langu la utotoni. Sasa hakuna mwingine anayelijua."
Nikamuuliza simu yake ni ya aina gani. Ya zamani, aliyoachiwa na mumewe. Nikaandika vilevile alivyosema, nikapanda nayo juu. Shemeji akasoma. Akasoma tena. Akatoa kwenye droo simu ya zamani kama ile, akajaribu. Kimya.
"Hata kwangu haifanyi kazi," akasema taratibu, kama anayeomba radhi.

Ijumaa, 7 Machi
Toleo jipya limetoka! Bibi kaazima simu ya jirani kunipigia, akaisogeza karibu na yake nisikie. Mzee akakohoa, akataja sabuni, akaita lile jina. Silitaji hapa, si langu. Bibi akacheka kama msichana. Mimi nikainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo sikuidondosha. Kuinuka, shemeji yuko nyuma yangu, anafuta miwani kwa muda mrefu mno. Hatukutazamana. Akasema dada kapika, nisichelewe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari vizuri. Nini hasa kilimlainisha shemeji? Jibu liko wazi: mjane! Basi ripoti zote za kutuma Jumatatu nimeshazitafutia wajane. Stakabadhi zisizochapika, mjane. Nywila inayokataliwa, wajane wawili, mmoja mgonjwa. Shemeji hachomoki!